Ardhi, VETA au kwa fundi: ulinganisho wa njia za kusomea ubunifu wa mambo ya ndani kwa mkazi wa Dodoma

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wawili watatu hufika kwenye karakana yangu hapa Nzuguni wakiwa na vijana wao, na swali huwa ni lilelile: mtoto anachora vizuri, anapenda kupanga nyumba, ana jicho la rangi, je, aende Chuo Kikuu Ardhi, aanze VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi vya Serikali, au abaki hapahapa ajifunze akiwa kazini? Safari iliyopita aliyeuliza hakuwa kijana. Alikuwa fundi seremala wa Chang'ombe mwenye zaidi ya miaka kumi kwenye randa, ambaye wateja wake walikuwa wameanza kumwomba apange sebule nzima badala ya kumtengenezea kabati moja. Jibu nililompa yeye halikufanana na nililompa binti wa Ilazo aliyekuja na baba yake wiki iliyofuata, na nimeandika ulinganisho huu ili kueleza kwa nini.

Kwanza tukubaliane juu ya kazi yenyewe, kwa sababu wengi huiingia wakiifikiria vingine. Mapazia, makochi na rangi ni sehemu ya mwisho ya ubunifu wa mambo ya ndani, na ndiyo sehemu nyepesi. Kabla ya hapo kuna kuamua mlango ufungukie upande gani, swichi ikae kimo gani, jua la saa tisa alasiri liingie au lizuiwe, sinki na friji viachane kwa umbali gani, nani atapita wapi akiwa amebeba nini, na yote hayo yatagharimu kiasi gani. Mbunifu wa mambo ya ndani hufanya kazi katikati ya mbunifu majengo, fundi umeme, fundi bomba, seremala na mpakaji rangi, na akikosea, kosa lake mara nyingi halionekani siku ya kukabidhi kazi. Linaonekana familia inapohamia na kuanza kupika.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kusoma, ada na muda huviangalia, lakini naanza na swali hili: njia hii inamfundisha mtu kuona kosa la aina gani kabla fedha haijatumika, na inamwacha asione kosa la aina gani? Nitatoa mifano miwili niliyoishuhudia kwa macho yangu.

Katika nyumba moja ya Kisasa, mbunifu kijana aliyesoma vizuri alichora makabati ya jikoni ya ukuta kwa ukuta, urefu wa mita 3.20. Mchoro ulikuwa safi na picha yake ya kompyuta ilipendeza hadi mteja akaionyesha kwa majirani. Makabati yalikatwa karakana, yakaletwa, yakakataa kuingia. Ukuta wa nyuma ulikuwa na mita 3.20 kama mchoro ulivyosema, ila kuta mbili za pembeni hazikuwa zimesimama mraba. Ukipima sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma, pale mbele makabati yanapoishia, upana ulikuwa mita 3.18. Sentimita mbili zilirudisha safu nzima karakana. Kanuni ya tatu, nne na tano ingeweza kulionyesha hilo kwa dakika moja: unapima sentimita 60 upande mmoja wa kona, sentimita 80 upande wa pili, na mlalo kati ya alama hizo mbili ukitoka mita moja kamili, kona ni mraba. Seremala yeyote aliyepita mikononi mwa mwalimu anayeijua kazi anaifahamu kanuni hiyo kabla hajashika msumeno wa umeme.

Mfano wa pili ni wa Nkuhungu. Fundi hodari alitengeneza kabati la nguo la mninga, viungo vyake vikiwa vimekaa hivi kwamba usingeweza kupenyeza karatasi. Lilipowekwa chumbani lilifunika swichi ya taa, likala robo ya dirisha, na mlango wa chumba ukawa unafunguka nusu tu. Mikono ya fundi yule haikukosea popote. Kilichokosekana ni karatasi moja yenye ramani ya chumba, iliyochorwa kwa kipimo, ikionyesha mlango, dirisha, kitanda na swichi kwa pamoja kabla mbao hazijanunuliwa.

Makosa hayo mawili ndiyo yanayotenganisha shule zetu.

Shahada: Chuo Kikuu Ardhi

Kwa anayetaka shahada yenye jina la fani hii ndani ya Tanzania, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam ndicho mahali pa kuangalia kwanza. Chuo hicho kina historia ndefu katika mambo ya ardhi na majengo. Mwaka 1996 kilikuwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Shahada yake ya ubunifu wa mambo ya ndani huchukua miaka minne, na mwanafunzi anasoma jirani na wale wanaosomea ubunifu majengo na ukadiriaji majenzi, yaani watu haohao atakaokaa nao mezani maisha yake yote ya kazi. Faida ya ujirani huo haiandikwi kwenye cheti, lakini mimi naihesabu miongoni mwa kubwa kuliko zote.

Moyo wa masomo ya namna hii ni studio. Mwanafunzi anapewa tatizo, anachora, anatengeneza mfano wa kadibodi, kisha anasimama mbele ya walimu na wenzake kuitetea kazi yake. Anaulizwa kwa nini ngazi iko pale, mtu mwenye kiti cha magurudumu atapitaje, taa hii inamulika nini, moto ukizuka watu watatokea wapi. Anarudi na kuchora upya. Miaka minne ya kuulizwa hivyo inamjengea mtu tabia ya kukiona chumba kizima kichwani kabla hakijawepo, na hilo ndilo lingemwokoa yule fundi wa Nkuhungu. Pamoja na hayo kuna historia ya majengo, vifaa vya ujenzi, mwanga, sauti, makadirio ya gharama na programu za kompyuta za kuchorea.

Shahada pia inafungua mlango ambao njia nyingine zinaufikia kwa kuzunguka sana, nao ni usajili. Kazi za ubunifu majengo na ukadiriaji nchini zinasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, na wabunifu wa mambo ya ndani wamo miongoni mwa wataalamu wanaoguswa na usajili huo. Kwa Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, na mji ukapandishwa hadhi kuwa Jiji tarehe 26 Aprili 2018, kazi nyingi kubwa za ndani zimekuwa za ofisi: Mji wa Serikali kule Mtumba, taasisi zilizofuata wizara, kumbi, mabenki, hoteli. Mwenye ofisi ya umma hatafuti mtu mwenye jicho zuri tu. Anatafuta kampuni yenye wataalamu waliosajiliwa, yenye mchoro uliosainiwa na mchanganuo wa gharama unaoweza kukaguliwa. Fundi asiye na usajili atashiriki kazi hizo, lakini atashiriki akiwa chini ya mwingine, kwa bei iliyopangwa na mwingine.

Upungufu wa njia hii nao usifichwe. Mahitaji ya chini ya kujiunga na shahada nchini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya kiwango cha juu (principal pass), na kila programu ina masharti yake ya ziada kuhusu masomo gani hasa, ambayo hutolewa kila mwaka kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu. Kijana aliyechagua mchepuo bila kuufungua mwongozo huo anaweza kujikuta nje ya mlango akiwa na ufaulu mzuri. Halafu kuna maisha ya Dar es Salaam: chumba, nauli, chakula, kompyuta yenye nguvu ya kubeba programu za picha za pande tatu, na uchapaji wa michoro mikubwa ambao wazazi huwa hawakuutegemea. Mkopo wa Bodi ya Mikopo unasaidia kwa anayeupata. Treni ya SGR, inayofanya safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024, imefanya kurudi nyumbani kuwe jambo la saa chache badala ya kutwa nzima barabarani, na hilo limewapunguzia hofu wazazi wengi ninaozungumza nao.

Kubwa zaidi kwangu ni kwamba mhitimu anaweza kumaliza miaka minne akiwa hajawahi kubandika kigae hata kimoja. Mafunzo kwa vitendo yapo, lakini wiki chache za saiti, nyingine zikitumika kupiga picha na kuandika ripoti, hazimfundishi mtu kuushuku ukuta. Anaamini kona ni mraba kwa sababu kwenye kompyuta kila kona ni mraba.

Ufundi stadi: VETA

Makao makuu ya VETA yapo hapahapa Dodoma, na chuo chake cha mkoa kipo mjini, kwa hiyo kijana wa Kikuyu au Makulu anaweza kusoma akilala nyumbani kwao. Hilo peke yake linabadilisha hesabu ya familia nyingi. VETA haina kozi ndefu inayobeba jina la ubunifu wa mambo ya ndani kwa maana ya shahada. Inachotoa ni fani zinazoijenga kazi hiyo kwa mikono: useremala, uashi, umeme wa majumbani, ufundi bomba, kupaka rangi na uchomeleaji. Mafunzo marefu yanapangwa katika Kiwango cha Kwanza, cha Pili na cha Tatu, kwa kawaida kila kimoja mwaka mmoja, na kuna kozi fupi pia kwa anayetaka stadi moja tu.

Nimesoma useremala kwa njia hii kabla sijaenda kwenye stashahada, kwa hiyo naomba msomaji aichukulie sehemu hii kama maneno ya mtu anayeipenda. Wiki za mwanzo tulifundishwa kupima na kuchora mstari, kupima na kuchora mstari, mpaka mikono ikachoka. Mwalimu alikuwa anapita na skwea yake, kile chuma cha kupimia kona mraba, akiigusisha kwenye kila kipande. Akiona mwanga unapita kati ya chuma na mbao, anakirudisha bila kusema neno. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananifundisha kutoamini kipimo nilichoambiwa na mtu, hata kama mtu huyo ni mwenye nyumba.

Ufundi pia unakufundisha tabia ya vifaa katika hewa ya mahali. Mbao za msonobari zinazotoka mashamba ya Mufindi hufika Dodoma nyingine zikiwa bado na maji ndani. Ukiziranda na kuzifunga wakati wa masika, ikifika Agosti hewa yetu kavu imezikausha, milango imepinda na viungo vimeachia. Fundi aliyekaa na mbao anazipanga kwa vijiti kati yake, anazikausha kivulini, halafu ndipo anazigusa. Bodi za MDF, zile za nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, haziathiriki namna hiyo kwa ukavu, lakini zikinywa maji chini ya sinki huvimba na hazirudi tena. Mbunifu aliyeshika vitu hivi kwa mkono wake huandika kwenye mchoro kifaa kinachostahili mahali pake, naye mkadiriaji hatapata nafasi ya kumdanganya kwamba vyote ni sawa.

Kwa fundi ambaye tayari yuko kazini, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mtu anapimwa kwa kazi anayoifanya, anaelekezwa pale penye pengo, kisha anatunukiwa cheti. Yule seremala wa Chang'ombe alikuwa hajawahi kuusikia, ingawa anapita karibu na chuo kila wiki. Kwake yeye nilisema aanzie hapo, kwa sababu hakuhitaji mtu wa kumfundisha randa. Alihitaji karatasi inayomtambua, kisha kozi ya kuchora.

Upungufu wa VETA ndio ule wa kabati la Nkuhungu. Unatoka ukiwa na mikono iliyoiva, lakini mafunzo yamekupanga kuangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja: kabati, mlango, dari. Mpangilio wa chumba kizima, mazungumzo na mteja asiyejua anachotaka, makadirio ya kazi yenye mafundi wa aina tano, hayo utayatafuta mwenyewe. Na ukweli mwingine, unaouma, ni kwamba kuna wateja wa ofisi na majumba makubwa watakaokuita fundi hata siku uliyowaletea mchoro mzuri kuliko wa mtu mwingine yeyote.

Njia zilizo katikati

Stashahada inasahaulika mno katika mazungumzo haya. Mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo manne anaweza kuomba mafunzo yanayosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, akapanda kutoka astashahada hadi stashahada kwa takribani miaka mitatu, katika fani zilizo jirani na yetu kama ubunifu majengo au ujenzi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ni kimojawapo cha vyuo vya umma vyenye idara za majengo zinazofaa kuangaliwa. Mwenye stashahada yenye wastani wa GPA 3.0 au zaidi, iliyo katika fani inayokubalika, anaweza kuomba shahada baadaye. Ni mwendo mrefu zaidi kwa miaka, lakini mtu anafika chuo kikuu akiwa anajua kuchora ramani, akiwa pengine ameshalipwa kwa kuichora, na kwa familia isiyoweza kumlipia kijana miaka sita mfululizo ya sekondari ya juu na chuo, kupumzika katikati na kufanya kazi kunaokoa mengi.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hakijulikani kwa fani hii, ila kina shahada ya sanaa za ufundi na ubunifu. Inafaa kwa aliye na mkono wa kuchora na anayevutiwa na rangi, michoro ya ukutani na vitu vya mapambo, na anayetaka kubaki Dodoma. Haimfundishi mtu ujenzi. Atakayeichukua kwa lengo la kuingia kwenye majengo ajipange kujazia vipimo, vifaa na umeme kwa njia nyingine, na asisubiri mwaka wa mwisho ndipo aanze.

Kujifunza kwa fundi, kuanzia usaidizi mpaka kuaminiwa kushika futi kamba, ndiyo njia ya zamani kuliko zote, na ubora wake ni ubora wa fundi uliyempata. Ukipata anayeeleza sababu, umepata chuo. Ukipata anayekutuma maji na misumari miaka miwili, umepoteza miaka miwili, na hakuna wa kumlalamikia.

Intaneti inahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa kuwa vijana wengi wameanzia huko na wengine wanakusudia kuishia huko. Kwa upande wa programu za kompyuta, sina pingamizi: SketchUp ina toleo la bure linalofanya kazi kwenye kivinjari, Blender ni ya bure kabisa, na AutoCAD hutolewa bure kwa wanafunzi waliothibitishwa. Kijana mwenye nidhamu anaweza kujifunza kuchora kwa miezi michache akiwa Ipagala, bila kupanda basi. Tatizo linaanzia kwenye masomo ya ubunifu wenyewe, maana mengi yametengenezwa Marekani kwa nyumba za Marekani. Kule kuta za ndani nyingi ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa bodi za jipsamu, umeme wa kawaida ni volti 120, na vipimo ni futi na inchi. Huku ukuta ni tofali la saruji au la kuchoma, umeme ni volti 230, na ukitaka kuhamisha swichi baada ya lipu kukauka unatafuta tindo na nyundo. Masomo hayo hayasemi uongo; yanasema ukweli wa mahali pengine. Tena huko Marekani kwenyewe, anayetaka kutambuliwa kitaaluma hufanya mtihani uitwao NCIDQ, wenye sehemu tatu, na hakubaliwi bila kuunganisha elimu ya darasani na maelfu ya saa za kazi chini ya usimamizi. Cheti cha wiki sita cha mtandaoni hakimpi mtu nafasi hiyo hata kule kilikotoka.

Mambo ambayo hakuna mtaala unaokukabidhi

Iwe Ardhi au VETA, kuna elimu ya Dodoma ambayo mtu hana budi kuitafuta mwenyewe, na ninaitaja hapa kwa sababu inabadilisha uamuzi wa wapi pa kusoma na wapi pa kufanyia mazoezi. Kiangazi chetu ni kirefu, mvua ikianza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na kati ya miezi hiyo mikavu kuna upepo wenye vumbi jekundu linalopenya hata dirisha la aluminiamu lililofungwa. Rafu za wazi zinazopendwa kwenye picha za mitandaoni hapa ni kazi ya kufuta kila asubuhi. Maji ya visima katika maeneo mengi yana chumvi, na bomba linalong'aa leo litakuwa na madoa meupe baada ya miezi michache. Mchwa wapo, na hawaulizi bei ya mbao. Wazee wa Kigogo walijenga tembe, zenye paa bapa la udongo na kuta nene zilizozunguka ua, zikawa baridi mchana wakati nyumba zetu za bati zisizo na dari zinachoma. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho angefanya vema kutumia juma zima ndani ya tembe moja kule vijijini kabla hajachora dari nyingine ya jipsamu yenye taa za rangi.

Na kuna ugali. Meza ya jikoni ya kitabuni ina kimo cha takribani sentimita 90, na kwa kukata mboga na kuosha vyombo kimo hicho ni kizuri kwa watu wengi. Sasa weka juu yake jiko la gesi, na juu ya jiko weka sufuria ya ugali wa mtama wa familia ya watu nane. Mdomo wa sufuria unafika kifuani. Kusonga kunataka mkono ushuke kutoka juu na uzito wa bega uufuate mwiko, jambo ambalo halifanyiki mwiko ukiwa kifuani. Nimeona majiko ya gharama kubwa ambayo wenye nyumba wameyaacha yapendeze, na ugali unasongwa nyuma ya nyumba, kwenye mafiga.

Ninavyoshauri

Kijana aliyemaliza kidato cha sita, mwenye masomo yanayotakiwa na familia inayoweza kuhimili Dar es Salaam, naona aende Ardhi, na asiende mikono mitupu. Kati ya matokeo na kufunguliwa kwa chuo kuna majuma mengi ambayo vijana huyamaliza nyumbani. Ayatumie kwenye kozi fupi ya useremala au umeme, au akae karakana ya mtu anayemwamini, apime vyumba halisi. Hivyo ndivyo nilivyomwambia binti wa Ilazo. Baba yake alisita, akauliza mtoto wa kike aliyefaulu vizuri atafanya nini kwenye vumbi la mbao. Nilimwonyesha safu ya makabati ya Kisasa iliyorudishwa, wakati huo bado imesimama kwenye kona ya karakana, nikamwambia bei yake.

Aliyemaliza kidato cha nne na hana uhakika na sekondari ya juu, hasa akiwa anapenda kushika vitu kuliko kukaa, namshauri VETA kwanza, na cheti chake cha kidato cha nne akitunze, maana Kiwango cha Tatu kikiambatana nacho kinaweza kumpeleka kwenye stashahada katika baadhi ya fani. Aliyesoma shule ya ufundi kama Ifunda, Moshi au Tanga, ambako michoro ya kiufundi hufundishwa, asianze upya. Stashahada inamfaa zaidi. Kwa mtu mzima mwenye kazi nyingine, mtumishi wa ofisi anayetaka kubadilisha maisha akiwa na miaka thelathini na kitu, shahada ya miaka minne ni mzigo ambao mara nyingi simshauri aubebe. Ajifunze kuchora kwa kompyuta jioni, ashirikiane na fundi mmoja aliyerasimishwa, aanze na nyumba za watu binafsi ambako mteja ndiye anayeamua, na kazi zinazodai usajili amkabidhi aliyesajiliwa kwa mkataba ulioandikwa.

Fundi wa Chang'ombe alipokea cheti chake cha urasimishaji, na sasa anakuja kwangu Jumamosi kujifunza kuchora ramani ya chumba kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Mwezi uliopita tulikwenda pamoja kwa mama mmoja wa Iyumbu anayejenga jiko jipya. Kabla ya kuchora chochote, fundi alipanga matofali sakafuni, akaweka ubao juu yake, akaweka jiko na sufuria, akampa mama mwiko. Alisonga, akatikisa kichwa. Fundi akatoa tofali moja kila upande, mama akasonga tena. Walipofika kimo ambacho bega lake lilishuka bila kujikunja, fundi alivuta futi kamba kutoka sakafuni hadi kwenye ubao, akasoma sentimita 62, akaiandika kwenye karatasi yake ya mchoro, kisha akapima pia kona za ukuta.